Kadi mpya ya waifai? Ngoja kwanza!

Gemu imenoga, adui huyo mbele yako, mara picha inaganda. Ikirudi, umeshauawa zamani! Hasira zote kwa kadi ya waifai, na mkono uko mfukoni kununua mpya. Taratibu, bwana.

Kwanza unganisha laptopu na ruta kwa waya. Gemu ikizidi kukwama, kadi unaionea bure. Kagombane na wanaokuuzia intaneti. Ikitulia, basi tafuta kosa kwenye waifai. Sogea karibu na ruta ujaribu tena. Bado? Haya, kadi ina kesi ya kujibu.

Hapo sasa ndipo wengi wanapoliwa. Intel AX210 na AX211 utadhani mapacha. AX210 hufanya kazi hata kwenye mashine nyingi za AMD. AX211 inataka mashine ya Intel iliyotengenezwa kuipokea. Kwingine ni pambo tu. Na kama kadi yako imelehemiwa kwenye bodi, sahau.

Zote mbili zinajua masafa ya gigahezi 6, lakini ruta yako isipoyajua, umelipia sifa.

Fundi achomoe betri kwanza. Vichwa vya nyaya za antena ni vidogo mno, vinyanyuliwe wima, si kuvutwa. Antena zenyewe mara nyingi zimo kwenye kifuniko cha skrini. Kama ni nzima, ziacheni zilale.

Pima kwanza, lipa baadaye. Tukutane wiki ijayo!