Data haikupotea, imekosa herufi tu

Tunaandika hii tukiwa na hasira, tuseme ukweli tangu mwanzo.

Kuna kikundi cha akiba cha bamama hapa kwetu Dzaleka. Hesabu zao zote ziko ndani ya laptopu moja ya zamani: nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa, nani hajalipa. Laptopu ikaanza kujizimazima. Mama anayeshika hesabu akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda matola, akapanda minibasi, zaidi ya kilomita 40 mpaka Lilongwe, akampa fundi mmoja mjini. Fundi akapiga Windows mpya, akachukua pesa yake, halafu akamwambia: D imepotea, data yote imekwenda, ukitaka irudi ongeza mara tatu.

Mama hakuwa nazo. Alirudi na laptopu safi kabisa, haina kitu.

Kwenye kikao wengine walimwamini. Wengine wakauliza, kwanza kwa sauti ya chini, kwa nini hesabu zipotee wiki chache tu kabla ya kugawana pesa. Kisha neno mwizi likatoka. Watoto wake walikuwa hapo, wanasikia.

Laptopu ilipofika kwetu ilituchukua dakika tatu. Hatutii chumvi. Ile sehemu ya diski ilikuwepo, nzima, na mafaili yote ndani. Haikuwa na herufi, basi.

Herufi ya D haikuandikwa kwenye diski yenyewe. Windows inaiweka kwenye daftari lake la ndani, mahali panapoitwa MountedDevices. Ukifuta Windows, umefuta na daftari. Windows mpya inaingia kama mgeni: inajipa C, kisha inagawa herufi upya inavyoona yenyewe. Flashi ikiwa imechomekwa, au kama kuna mlango wa DVD, hivyo vinaweza kuchukua D, na data yako ikaitwa E au F. Mara nyingine inabaki bila herufi, na isiyo na herufi haionekani ukifungua kompyuta. Programu inatafuta D:\AKIBA, haipati, inalia.

Sisi wakimbizi tunaielewa hii kuliko mtu yeyote. Uko nyumbani kwako, umelala kitanda kilekile, lakini jina halimo kwenye orodha ya mgao, kwa hiyo haupo.

Dawa yake ni hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Tafuta ile sehemu kwa ukubwa wake, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, ipe D. Kama D imekaliwa na DVD, ipe DVD herufi nyingine kwanza. C usiiguse. Na kikitokea kisanduku kinachokuomba ubonyeze Format, usibonyeze, hata kama una haraka namna gani. Ukiona imeandikwa RAW au Unallocated, hapo mambo ni mengine: acha kuandika chochote kwenye hiyo diski, tafuta mtu anayejua. Kazi hiyo ni ngumu kweli na fundi anastahili malipo yake. Hatusemi kila fundi ni mwongo. Tunasema huyu hakufungua hata dirisha moja kabla ya kumwambia mama kwamba data yake imekufa.

Na kwenda Lilongwe si safari ya mchezo kwetu. Mnakumbuka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini. Mtu akitoka hapa na laptopu mkononi anabeba na wasiwasi wake.

Sasa ninyi wa mashirika, msicheke, zamu yenu imefika. Kompyuta mnazotuletea, paswedi ya msimamizi inabaki mjini. Kubadilisha herufi kunahitaji paswedi hiyo. Kwa hiyo kazi ya dakika tatu inasubiri gari, gari linasubiri mafuta, na mwanafunzi anasubiri kazi yake ya kozi huku tarehe inapita. Mnasema vijana wataweka magemu. Kweli, kuna waliowahi kuweka. Wapeni paswedi vijana wawili, watie sahihi, wakiharibu mwaulize wao.

Haya yatazidi, tena karibuni. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za msaada ni kuukuu, hazina TPM 2.0 ambayo Windows 11 inadai. Kila mtu atakuja na wazo lake: futa, weka hii, weka ile. Tunachoomba ni karatasi moja kabla ya kufuta: sehemu zote za diski, herufi zake, ukubwa wake. Na kila sehemu ipewe jina, AKIBA, SHULE, PICHA, kwa sababu jina linaandikwa kwenye sehemu yenyewe na linabaki hata Windows ikibadilishwa. Nakala kwenye flashi pia, hilo mmeshasikia mara mia.

Tusijisafishe sana. Hapa hapa kambini kuna vijana wanaolipisha watu pesa ya kurudisha data kwa kazi hii hii ya kubandika herufi. Mmoja ni wa kikundi chetu. Tumemwambia aache, akasema na yeye anakula. Bado tunabishana naye.

Tulifungua zile hesabu mbele ya bamama wote, kila hisa mahali pake. Waliosema mwizi wakainamia simu zao. Hakuna aliyeomba msamaha. Kikundi kinaendelea, ila yule mama hajarudi kwenye kikao, na laptopu sasa inashikwa na mtu mwingine.