Rangi ya Pikipiki na Kutu Iliyofichwa



Mwezi uliopita mama mmoja mjane wa Kawangware aliniomba shauri. Marehemu mumewe alimwachia pikipiki kuukuu, na mwanawe huiendesha akibeba abiria baina ya Kawangware na Kibera. Riziki ya nyumba nzima yatoka hapo. Tangi limekwaruzika, bati la tope limebabuka, na abiria stejini wameanza kuchagua nyingine. Kijana akataka aipulizie yote rangi mpya, aiuze kabla kutu haijajitokeza tena. Moyo wa mama ukakataa.

Mama mwenzangu, rangi si pambo tu. Rangi ya kiwandani hupakwa kwa tabaka: ya msingi ishikayo chuma, ya rangi yenyewe, na mara nyingi ya juu yenye kung'aa na kulinda. Zikipasuka, maji na hewa hukifikia chuma, na kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima. Ndipo kidoa mfano wa punje ya mchele, masika yakipita, huwa kama kiganja. Sisi wa pwani twaijua hewa ya chumvi. Nairobi adui ni tope, vumbi likwaruzalo, na jua lipaushalo, hasa rangi nyekundu.

Dawa yake yawezekana nyumbani. Oshani kwa sabuni laini, mkaushe. Suguani kidoa kwa msasa namba 240 hadi chuma king'ae, mmalizie kwa namba 600 ili kingo za rangi zilale. Futani vumbi na mafuta, mpake rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Ikikauka, pakani rangi ifananayo kwa brashi ndogo, mara mbili au tatu, nyembamba, nene huchuruzika. Ijaribuni kwanza mahali pasipoonekana, kwani rangi ya zamani imepauka na ya kopo jipya huenda isilingane nayo. Baada ya wiki kadhaa, ikishakomaa, pakani nta.

Ila kazi hii isifanywe chumbani. Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware ni chumba kimoja, jiko na watoto pamoja. Mvuke wa thina na petroli hushika moto upesi, na hudhuru mapafu. Fanyeni nje, kifuniko cha tangi kimefungwa, mbali na kila mwali.

Jambo jingine: rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye hati zake. Kuziba kidoa hakuna neno. Kuibadili yote rangi kwataka kuarifu NTSA.

Ama kuuza, ni haki yao. Lakini kupaka rangi juu ya kutu ili mnunuzi asione ni ghushi, na pato lake halina baraka. Mnunuzi huyo huenda naye ni mwana wa mjane mwingine. Aibu ya bidhaa hutajwa, bei ikapungua, nyoyo zikatulia. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Juzi mama alinipigia simu. Kijana alisugua tangi siku mbili, yeye akimshikia kopo. Alama bado yaonekana ukiinama karibu. Pikipiki haikuuzwa, alfajiri ya siku ya tatu ilirudi stejini.