Mume Wangu na Treni Zake



Mwezi huu tunajibu barua iliyotoka mbali, Ujerumani, kwa dada yetu mmoja aliyeolewa huko. Jina lake na mji wake tunavihifadhi. Anaandika kwamba mumewe ni mtu mwema: hanywi, halali nje, na anawapenda watoto wao wawili. Shida yake ni moja tu. Chini ya nyumba yao kuna chumba, na chumba hicho kimejaa meza kubwa yenye reli ndogo, stesheni, vilima vya plasta na vichwa vya treni vya kuchezea zaidi ya sabini. Kila jioni baba akimaliza kula hushuka huko, na hapandi mpaka watoto wamekwisha lala. Juzi mama huyu, alipokuwa akitayarisha koti la mumewe kwenda kwa dobi, alikuta risiti mfukoni: kichwa kimoja cha treni, zaidi ya euro 400. Wiki hiyohiyo walikuwa wamemwambia mtoto wao mkubwa kwamba safari ya shule itabidi isubiri mwaka ujao.

Anauliza: "Nimwambieje mtu mzima aache kuchezea treni?"

Tukiri kwamba ukurasa wa kwanza tuliusoma tukicheka. Tumezoea barua za waume wanaopotelea baa, au kwenye mpira, au kwenye bao mpaka usiku. Treni za watoto hatukuwahi kuletewa. Lakini ukurasa wa pili haukutuchekesha. Anasema tangu siku alipomfokea mumewe kuhusu risiti ile, mume ameacha kabisa kumsimulia habari za kule chini, na siku hizi mizigo yake inafikia kazini kwake badala ya nyumbani. Siri ikishaingia ndani ya nyumba namna hiyo, dada, haikai chumba kimoja.

Basi tukajipa kazi ya kuuliza na kusoma ili tujue treni hizi ni kitu gani, na tulichokikuta kilitushangaza. Kuna mwanamke mwanzoni mwa habari yote.

Jina lililoandikwa kwenye maboksi mengi ya mume huyu ni Märklin, kampuni ya mji wa Göppingen. Ilianzishwa mwaka 1859 na fundi bati, Theodor Friedrich Wilhelm Märklin, pamoja na mkewe Caroline. Hawakuanza na treni. Walitengeneza vyombo vidogo vya bati vya jikoni, vya kuchezea wanasesere. Fundi alitengeneza, naye Caroline akafungasha sampuli na kwenda kuuza, kusini mwa Ujerumani mpaka Uswisi, zama ambazo mwanamke anayezunguka na bidhaa alikuwa kioja. Mwaka 1866 mume akafa. Caroline alibaki na watoto na karakana, na karakana hiyo angeweza kuifunga bila mtu kumlaumu. Hakuifunga. Aliishikilia zaidi ya miaka 20, mpaka wanawe walipoichukua mwaka 1888.

Miaka mitatu baadaye, kwenye maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891, kampuni hiyo ilionyesha treni ya kamani, yaani ya kujazwa kwa ufunguo kama saa, ikizunguka kwenye reli zenye umbo la namba nane. Kilichowapa ushindi ni vipimo. Upana wa reli ulipangwa kwa namba, ili mtoto aliyepewa treni Krismasi hii aongezewe reli na mabehewa Krismasi ijayo na vyote vioane. Sisi tunaiona hapo akili ya biashara ya vyombo vya jikoni vya wanasesere: leo jiko, kesho sufuria, keshokutwa birika. Na hapo ndipo ugonjwa wa mume wa dada yetu ulipoanzia, kwa maana treni ya namna hii haimaliziki kununuliwa.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Reli za kawaida za Ulaya zina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, utapata kama milimita 16.5, nao ndio upana unaopendwa kuliko wote duniani, uitwao H0. Märklin walianza kuuza treni zao za upana huo mwaka 1935, ziweze kutandazwa juu ya meza. Mwaka 1972 walitoa ndogo zaidi, za reli ya milimita 6.5, kichwa chake cha treni kinaingia ndani ya mkoba wako wa mkononi na nafasi ya leso ikabaki. Wapo pia wenye treni kubwa zinazozunguka bustani nzima, kwa hiyo dada yetu mwenye meza moja tu ashukuru kidogo.

Katika barua yake kuna sentensi aliyoiandika kwa kupita, nasi hatukuweza kuipita. Anasema binti yao wa miaka 8 hupenda kukaa kwenye ngazi na kumtazama baba yake, na yeye mama humwita apande "akafanye mambo ya wasichana". Dada, mwaka 1957 kampuni ya Lionel ya Marekani iliwaza kama wewe. Iliwatengenezea wasichana treni yao, kichwa cha rangi ya waridi, na mabehewa ya rangi laini laini kama za nguo za kitoto. Ikabaki madukani. Msichana anayependa treni alitaka treni inayofanana na treni. Leo wakusanyaji huitafuta kwa bei kubwa, kwa sababu zilizouzwa zilikuwa chache. Mwache binti ashuke ngazi zilizobaki.

Tulimwandikia tukamuuliza: mumeo hufanya nini hasa kule chini? Alijibu kwa unyofu kwamba hajui. Ni miaka 11 ya ndoa. Tukamwomba ashuke jioni moja, asitaje pesa, aulize tu.

Alishuka, na alichokikuta ni kazi nyingi kuliko mchezo. Umeme hupita kwenye reli ukaingia kwenye treni, kwa hiyo reli ikishika uchafu treni husitasita na kusimama, na mtu anapaswa kuzifuta kila mara. Magurudumu hutaka tone moja la mafuta. Matone mawili huchafua kila kitu. Kila kichwa kina namba yake ndani ya kompyuta ndogo, ndiyo maana treni mbili zinaweza kwenda kwenye njia moja, hii ikikimbia na ile ikingoja stesheni. Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya rangi, wala si kwa kitambaa kibichi. Na kwenye rafu ya juu alionyeshwa kichwa kimoja kizee cheusi, kilichochubuka, ambacho mumewe alipewa na baba yake Krismasi ya mwisho kabla mzee hajafariki. Habari hiyo pia hakuwahi kuisikia.

Hata hivyo hatusemi risiti isahauliwe. Euro 400 kutoka kimyakimya wakati mtoto ananyimwa safari ni kosa, na mume aambiwe hivyo, kwa sauti ya kawaida, watoto wakiwa wamelala. Wakae wote wawili na daftari la matumizi. Wapange kiasi cha mwezi kwa ajili ya treni, na kiasi kama hicho kwa ajili ya mama, asiulizwe amekifanyia nini. Baba akitaka kikubwa kuliko kiasi hicho, auze kimoja apate kimoja. Wakusanyaji wengi hufanya hivyo, na soko la vitu vilivyotumika ni kubwa huko kwao. Mizigo ifikie nyumbani, mlangoni.

Jambo jingine ambalo wake wengi hawalijui ni maboksi. Dada yetu alikwisha tupa maboksi matupu kama kumi alipokuwa akisafisha stoo, akidhani anasaidia. Kichwa cha treni chenye boksi lake la asili huuzwa kwa bei nzuri kuliko kilichovuliwa boksi, hasa kikiwa cha zamani. Kaombe radhi, dada. Maboksi hayo yalikuwa pesa yenu wote.

Tunaongeza neno kwa wenye watoto wadogo. Transfoma ikae mbali na mikono yao, maana ule umeme mdogo wa kwenye reli hutokea kwenye umeme mkubwa wa ukutani. Treni za bati za zamani nyingi zilipakwa rangi yenye risasi, hivyo zisifike mdomoni mwa mtoto, hata kama babu alizichezea akazeeka salama.

Na tuliseme lile ambalo watu hukwepa. Mume akifa leo, mke ataachiwa vichwa sabini asivyojua hata kimoja kina thamani gani. Atakuja mtu mwenye tabasamu, atavichukua vyote kwa bei ya viazi. Kwa upande mwingine, wajane wengine hudhani wameachiwa hazina, kumbe treni nyingi za miaka ya karibuni huuzwa kwa bei iliyo chini kabisa ya ile ya dukani. Dawa ni orodha: namba ya kila kichwa, mwaka kilionunuliwa, bei yake, kama kina boksi, na jina la rafiki mmoja mwaminifu wa kumuuliza. Ikiandikwa baba akiwa hai na mzima, ni kazi ya jioni chache.

Juzi tumepata barua yake ya tatu. Orodha imefika namba 58. Binti ndiye anayeandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri, na baba husoma namba zilizo chini ya vichwa kwa kioo cha kukuzia. Kile cha euro 400 kimerudishwa dukani. Safari ya shule imelipiwa. Wakati wa likizo wanafikiria kwenda Hamburg, kwenye ile Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye reli ndogo za zaidi ya kilomita 16. Mama anasema atakwenda, ila siku ya pili ni ya maduka.

Ameuliza pia swali dogo. Nywele zake ndefu na nyuzi za zulia zimejizungusha kwenye ekseli ya kile kichwa kizee cheusi, na mumewe anaogopa kukifungua. Tumemjibu hivi: geuza treni juu ya taulo, kata nyuzi kwa mkasi mdogo wa kucha, kisha uzivute polepole kwa kibanio cha nyusi.