Waya upimwe kwanza
Wiki hii kwenye hori ya Kilifi nilimtazama fundi aliyejikunja chini ya sitaha ya boti ya matanga ya zamani, mita ya umeme mkononi, akitafuta kwa nini otopailoti, mtambo unaoshika usukani wenyewe, inazimika kila bahari inapochafuka. Mwenye boti alikwisha kushauriwa anunue otopailoti nyingine. Fundi hakukigusa kisanduku cha mtambo huo. Alipima betri: volti 12.6, safi kabisa. Kisha akaomba usukani ugeuzwe kwa mota, akapima pale waya unapoingia kwenye kisanduku; namba ikaporomoka hadi 10 na kidogo, skrini ikazima. Waya ni kama hamali, nguvu zake hujulikana akiwa na mzigo begani. Akaufuata kwa vidole hadi kwenye kiungo kimoja karibu na shetri, akachuna plastiki, na ndani shaba ilikuwa nyeusi, imejaa unga wa kijani. Ile chumvi, jamani! Dira ya umeme inayoiongoza otopailoti nayo aliikagua, maana spika ikifungwa karibu yake, sumaku huidanganya na chombo kikaenda upande. Nasema wazi: kumuuzia mtu kifaa kipya kabla ya kumpimia nyaya zake ni kumdhulumu, hasa mtu ambaye usiku, akiwa peke yake baharini, hicho kifaa ndicho msukani wake. Boti hii ilihitaji mita chache tu za waya wa shaba uliopakwa bati, ule unaostahimili maji ya chumvi, na viungo vilivyofungwa vikazibwa barabara.