Mji wa Kuta Mbili, Majirani Wako Wapi?

Nilivuka mto Aude, kusini mwa Ufaransa, kwa daraja kongwe la mawe, nikauona mji wa Carcassonne juu ya kilima. Umezungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zenye urefu wa kilomita tatu hivi zikijumlishwa, na minara 52. Ama kwa hakika macho hayashibi.

Lakini nilikuwa na jambo moyoni. Huku nyuma Lamu, mgeni mmoja ametuletea bei ya nyumba ya marehemu bibi yetu, na warithi tumegawanyika. Nikasema, acha nikauone mji wa kale uliokwisha kutengenezwa.

Sisi Waislamu si wageni kabisa katika historia ya kilima hiki. Mwaka 725 majeshi yaliyotoka Andalusi, chini ya Anbasa bin Suhaym al-Kalbi, yaliutwaa mji huo, na Waislamu wakaushika hadi miaka ya 750. Penye lango kuu kuna sanamu ya Dame Carcas. Hekaya yasema alikuwa malkia wa Waislamu aliyezingirwa na Charlemagne. Chakula kilipokwisha, akamshibisha nguruwe kwa ngano na kumtupa nje ya ukuta, ili adui adhani mna shibe ndani. Msomaji atauliza: nguruwe katika nyumba ya Mwislamu alitoka wapi? Tena, Waislamu waliondolewa na Pepin, babake Charlemagne. Hekaya ni tamu, lakini si tarehe.

Katikati ya karne ya 19 mji ulikuwa gofu, na serikali ikataka kuzibomoa ngome zake. Mwenyeji mmoja, Cros-Mayrevieille, akapiga kelele, na mwaka 1853 kazi ya kuutengeneza ikaanza chini ya Viollet-le-Duc. Bila ya watu hawa leo tungeona vifusi tu. Hata hivyo, wako wanaomlaumu fundi huyo kwa kuivika minara mapaa yaliyochongoka ya mabamba ya mawe meusi, mtindo wa kaskazini, hali watu wa kusini huezeka vigae.

Kwangu mimi, paa si neno kubwa. Baina ya zile kuta mbili walikuwa wakiishi mafukara, wengi wao wafumaji wa nguo. Vibanda vyao vilibomolewa ili kuta zionekane vizuri. Jiwe likaokolewa, mtu akaondolewa.

Leo wageni wanaopanda kilima hiki kwa mwaka ni karibu milioni mbili, lakini wanaolala humo kama wenyeji hawafiki hata mia moja. Wenyeji wengine wote wa Carcassonne wanaishi mji wa chini na pembezoni. Nilipita vichochoro mchana kutwa: mikahawa, mahoteli, panga za mbao na ngao za kuchezea watoto. Sikumwona mzee aliyeketi kizingitini, wala mtoto aliyetumwa dukani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, mwenyeji kahama.

Carcassonne iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Hiyo ni heshima. Lakini Lamu haikupewa heshima hiyo kwa mawe ya matumbawe peke yake. Ni mji ambao watu wangali wakiishi humo, wanaadhini, wanasomesha watoto, wanaketi barazani. Nyumba ikiuzwa ikawa ya likizo, ukuta utapakwa chokaa vizuri kuliko zamani, lakini baraza litakuwa la nani?

Simlaumu anayeuza kwa dhiki. Kutengeneza nyumba ya kale ni gharama kubwa. Lawama ni kwa sisi sote tunaoshangilia mji kutengenezwa bila kuuliza wenyeji watasaidiwaje kubaki. Mimi nimekwisha kuwaandikia ndugu zangu: tuchange, tuezeke upya, na mmoja wetu aingie akae.