Pikapu Kuukuu na Mzigo Wake kwa Wananchi

Hakuna shamba, bandari wala soko katika Unguja na Pemba lisilotegemea pikapu. Ndiyo ichukuayo karafuu kutoka mashambani, ndiyo ifikishayo samaki sokoni, na ndiyo ibebayo mwani tangu kilimo hicho kilipoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Kwa miaka mingi pikapu hiyo hiyo, ikiezekwa paa na kutiwa mabao ya kukalia, imewachukua wananchi wa Makunduchi, Nungwi, Konde na Micheweni kwenda mjini na kurejea makwao. Kwa hiyo suala la pikapu kuukuu si la wenye gari peke yao. Nauli ya abiria, bei ya samaki na faida ya mkulima vyote vimo ndani yake.

Gari nyingi kati ya hizi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Huko gari ndogo za mizigo hulazimika kukaguliwa kila mwaka, na gharama za ukaguzi na matengenezo humfanya mwenye gari aone heri kuiuza kuliko kuendelea nayo. Hatumlaumu mwananchi anayeinunua, kwani uwezo wa kununua gari mpya ni wa wachache. Lakini hatuna budi kuelezana ukweli kwamba pamoja na gari hiyo hununuliwa pia maradhi yake, na bei inayolipwa bandarini ni malipo ya mwanzo tu.

Adui wa kwanza wa pikapu katika visiwa vyetu ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba mchana na usiku. Mwani mbichi na matenga ya samaki humwaga maji ya chumvi katika bodi, na maji hayo huteremka hadi kwenye chesisi, ambako hakuna anayeyaona. Gari nyingine huwa zimeanza kuliwa tangu zilikotoka, kwani katika sehemu za baridi za Japani chumvi hutiwa barabarani kuyeyusha theluji. Kutu hufanya kazi yake kwa upole, na bandu bandu huisha gogo. Mwenye gari hupaka rangi juu, gari ikapendeza, kumbe chini mabano ya springi yamekwisha kuoza na mabomba ya breki yamebakia ganda.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini peke yake. Mwaka 1996 ulikuwa umepita miaka 20 pale kampuni ya Toyota, mwaka 2016, ilipokubali katika shauri lililofunguliwa Marekani kugharimia ukaguzi na ubadilishaji wa fremu zilizoliwa na kutu katika gari zipatazo milioni 1.5, nyingi zikiwa pikapu za Tacoma. Thamani ya mapatano hayo ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, na kubadilisha fremu ya gari moja kulikadiriwa kufikia dola 15,000. Mwananchi wa kule alikuwa na mahakama na kampuni ya kumlipa. Mwananchi wa hapa, aliyenunua gari iliyokwisha kupita mikono mitatu, hana wa kumdai. Kinga yake ni kuiosha gari kwa maji baridi kila baada ya kubeba mwani au samaki, hasa chini yake, na kuipaka oili au rangi ya kuzuia kutu kabla ya masika.

Adui wa pili ni joto. Injini hupozwa kwa maji, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa. Maji hayo hujenga magaga ndani ya rejeta na kuziba njia zake. Injini ikianza kuchemsha, baadhi ya mafundi huiondoa thamostati na kumwambia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha. Halikwisha. Rejeta ingali imeziba, na injini sasa hukimbia ikiwa baridi asubuhi, ikala dizeli zaidi na kujichakaza. Siku moja juu ya mlima, ikiwa na abiria, huchemsha tena. Gasketi huungua, na silinda hedi hupinda au kupasuka. Kusafisha rejeta ni kazi ya nusu siku. Kubadilisha silinda hedi ni kazi ya wiki nzima, na mara nyingi kipuri chenyewe hungojwa kivuke bahari kutoka Dar es Salaam.

Adui wa tatu ni mzigo wa kupita kiasi. Pikapu ya kawaida imeundwa kubeba tani moja. Abiria 20, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 60, ni kilo 1,200 kabla ya kuhesabu magunia yaliyo juu ya paa. Jawabu lililozoeleka ni kuongeza bamba za springi. Gari kweli huacha kuinama, lakini breki ni zile zile, beringi za magurudumu ni zile zile, na chesisi iliyokwisha kuliwa na kutu ni ile ile. Bamba zilizoongezwa huficha uzito; haziuondoi. Zaidi ya hayo, gari ngumu hupeleka kila shimo la barabara kwenye chesisi na katika mifupa ya abiria.

La nne, ambalo si adui wa nje bali ni mazoea yetu, ni kungoja mpaka kitu kivunjike. Tuchukue injini ya dizeli ya 2L ya Toyota, iliyofungwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Mkanda wake wa taimingi hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60. Gari inayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku hutembea kilomita 240, na hutimiza kilomita 100,000 katika miezi 14 tu. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na mwenye gari aliyekwepa bei ya mkanda hujikuta akiulizia bei ya injini. Kwa hesabu hiyo hiyo, gari hiyo hutakiwa kubadilishwa oili, kila kilomita 5,000, baada ya wiki tatu. Ni wangapi wafanyao hivyo? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo hujengwa kwa fedha za kigeni, kwa sababu kila kipuri kinachofungwa hapa kimetengenezwa ng'ambo.

Kwa hiyo tunaona kwamba gharama kubwa ya pikapu kuukuu haitokani na ukuukuu wake peke yake. Inatokana na ununuzi usiokuwa na uchunguzi, ufundi wa kubahatisha, na tamaa ya kubeba leo kile kitakachovunja kesho. Anayeilipa si mwenye gari tu. Hulipa mkulima ambaye mzigo wake umelala njiani, hulipa mgonjwa aliyechelewa hospitali, na hulipa abiria pale breki zinapokataa.

Wenye dhamana wana kazi ya kufanya. Ukaguzi wa gari uwe ni wa kulala chini ya gari na kuigonga chesisi kwa nyundo, usiwe wa kutazama taa na kupiga muhuri. Taasisi ya Viwango Zanzibar izidi kuwabana waingizaji wa gari zilizooza na vipuri vya bandia. Kenya hairuhusu kuingizwa gari iliyozidi umri wa miaka minane. Sisi hatudai sheria kama hiyo inakiliwe hapa bila ya kupimwa, kwani inaweza kumnyima mnyonge chombo cha kujipatia riziki. Lakini hali ya chesisi na breki ni jambo lisilostahili msamaha katika umri wowote. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji vifungue milango kwa mafundi walioko gereji, wapate kozi fupi na cheti, kwani wengi wao wana mikono mizuri iliyokosa elimu. Nazo gari za Serikali ziwe mfano: gari ya umma isiyotiwa oili kwa wakati ni amana iliyovunjwa.

Kwa upande wao, wenye gari waache kuhangaika kila mtu peke yake. Wenye pikapu wa njia moja wakiungana katika ushirika, wanaweza kununua oili, filta na mikanda kwa jumla, na kuweka akiba ndogo ya kila siku kwa ajili ya matengenezo. Dini imetukataza israfu, na hakuna israfu kubwa kuliko kuacha chombo kife kwa kukosa bei ya mkanda mmoja.