Gari Huchukuliwa, Deni Hubaki



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Kenya, na ambalo wengi hulificha kwa kuona haya. Nalo ni gari lililonunuliwa kwa deni, au lililowekwa rehani, kisha mdai akaja kulichukua. Wala hatukusudii gari la fahari peke yake. Mara nyingi ni tuktuk ya kijana amlishaye mama yake, au pikipiki ya bodaboda, au matatu ambayo logibuku yake imewekwa rehani ili ipatikane karo ya shule au gharama ya arusi. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Na matanga yenyewe hasa huanza siku dalali anapopiga hodi.

Yako mambo mawili ambayo watu wengi huyadhania, na yote mawili si kweli. La kwanza ni kudhani kwamba gari likisha kuchukuliwa, hesabu imekwisha. La pili ni kudhani kwamba mtu akinyamaza na kujificha, mambo yatapoa yenyewe. Na tuyatazame moja moja.

Tuchukue mfano wa hesabu ya kubuni. Kijana amebakiwa na deni la shilingi 520,000 juu ya gari lake. Ameshindwa kulipa, gari likachukuliwa, likauzwa mnadani kwa shilingi 380,000, kwani bei ya mnadani kwa kawaida huwa chini ya bei ya sokoni. Katika fedha hizo hutolewa kwanza ujira wa dalali, gharama ya kulivuta gari na kodi ya uwanja lilipowekwa. Tuseme zote ni shilingi 60,000. Basi zilizoingia katika deni ni 320,000 tu, na kijana yule, ambaye sasa hana gari wala kazi ya gari, angali anadaiwa 200,000. Lau angalikwenda kwa mdai wake mapema, akapata idhini ya kuliuza mwenyewe, na akampata mnunuzi wa shilingi 500,000, angalibakiwa na deni la 20,000. Tofauti ya fedha hizo zote haikuletwa na umasikini. Imeletwa na kunyamaza.

Tena liko jambo la jina. Mabenki na wakopeshaji wengine waliopewa ruhusa hupeleka habari za wakopaji wao katika ofisi za taarifa za mikopo, ambazo watu wamezoea kuziita kwa herufi tatu, CRB. Kazi hiyo ina kanuni zake, zilizotengenezwa mara ya kwanza mwaka 2008 na kutazamwa upya miaka ya 2013 na 2020. Mkopo ukipita siku 90 bila ya kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbovu. Mkopeshaji hutakiwa ampe mkopaji ilani ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina lake kwa ubaya. Jina likisha kuingia, habari ile hukaa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa kulipwa. Fahamuni vyema hapo: miaka 5 huanza kuhesabiwa baada ya kulipa, si baada ya gari kuchukuliwa. Kwa hivyo yule anayeliacha deni la 200,000 likilala, miaka yake haijaanza hata kuhesabiwa.

Na madhara yake ni yapi? Siku atakapotaka mkopo wa kujenga chumba au wa kuongeza bidhaa dukani, mkopeshaji atalitazama jina lake kwanza. Ama atamkatalia, ama atampa kwa masharti mazito. Wako waajiri pia ambao huitaka hati hiyo kabla ya kumwandika mtu kazi. Na ikiwa ami au mjomba alitia sahihi ya udhamini, naye huandamwa alipe. Hivyo deni la mtu mmoja huweza kuufunga mlango wa jamaa nzima.

Sasa na tuseme juu ya haki za mdaiwa, kwani dini yetu haikumruhusu mdaiwa kudhulumiwa kama isivyomruhusu kudhulumu. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo huku likibaki kuwa mali ya muuzaji mpaka malipo yaishe, iko sheria ya mwaka 1968 ambayo yasema kwamba mnunuzi akisha kulipa thuluthi mbili za bei, muuzaji hawezi kulichukua gari illa kwa kupitia mahakamani. Sheria hiyo huhusu mikataba isiyozidi kiwango cha bei kilichowekwa, basi yafaa mtu aulize kama mkataba wake umo ndani yake. Ikiwa gari ni rehani ya mkopo, iko sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali zinazohamishika. Kwa sheria hiyo mdaiwa aweza kuikomboa mali yake kabla haijauzwa, na fedha zikizidi deni na gharama, ziada ni yake na yapasa arudishiwe. Zikipungua, upungufu ni juu yake. Kanuni za madalali za mwaka 1997 nazo zamtaka dalali ampe mwenye mali ilani ya maandishi ya siku 7 ili apate nafasi ya kukomboa. Basi mtu akijiwa, na aombe kuona leseni ya dalali na barua iliyomtuma. Mtu asipigane wala asitukane. Na aandike tarehe, na vitu vilivyomo garini, na hali ya gari, kisha aitake nakala ya kila karatasi.

Vilevile kila mtu ana haki ya kupata hati ya habari zake katika ofisi za CRB bure mara moja kwa mwaka. Akikuta humo deni alilokwisha kulipa, au deni asilolijua, ana haki ya kulipinga na kutaka lichunguzwe. Wako watu waliomaliza madeni yao zamani na majina yao yangali yamechafuka, kwa sababu hawakuuliza.

Ama njia za kushika kabla ya kufika mnadani, twazitaja kwa mpangilio wake. Kwanza, mwezi ule ule ambao mtu ameona kuwa malipo yatamshinda, na aende kwa mdai kabla ya siku ya malipo kupita, achukue hesabu ya mapato na matumizi yake, aombe muda uongezwe na malipo ya kila mwezi yapunguzwe. Mkopeshaji mwenye akili hupenda kulipwa polepole kuliko kuuza gari kwa hasara. Makubaliano yakipatikana, yaandikwe na kutiwa sahihi. Neno la mdomo la karani si hoja. Hata hivyo na ajue kwamba muda ukirefushwa katika mkopo wa riba, jumla ya malipo huongezeka. Pili, ikiwa gari halilipi tena, na aombe idhini ya kuliuza mwenyewe, mnunuzi amlipe mdai moja kwa moja. Tatu, ikiwa hata hilo haliwezekani, kulirudisha kwa hiari ni afadhali kuliko kukamatwa njiani, kwa sababu huokoa gharama za dalali na za kuvuta. Lakini asidhani kwamba kurudisha ni kufuta, kwani deni lililobaki hubaki. Nne, gari likisha kuuzwa na deni likabaki, na aombe kulilipa kwa mafungu, na akimaliza aitake barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza.

Jambo ambalo twamkataza kila kijana ni kukopa kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza, na kulihamisha gari mji mwingine ili lisionekane. La kwanza ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. La pili ni khiana. Imepokewa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu yake alieleza kwamba mtu akilemewa na deni husema uongo na huvunja ahadi. Ni nani kati yetu asiyepata kuliona hilo?

Wako watakaosema: basi twende kwa mabenki yanayofuata sharia. Twasema ni vyema, na mabenki ya namna hiyo yameanza kazi Kenya tangu mwaka 2008. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyo wazi tangu siku ya mkataba, na bei hiyo haiongezeki kwa kuchelewa kulipa. Njia hii huiondoa riba, lakini haiondoi deni. Asiyelipa huko naye huchukuliwa gari, na jina lake hupelekwa kama jina la mwingine yeyote. Mtu asiingie kwa kuona jina la Kiarabu mlangoni; na asome karatasi, aulize bei yote ni kiasi gani, na akichelewa itakuwaje.

Kwa wenye kudai nao tuna neno. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 280, ameamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na akabainisha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Tena katika Suratut Tawba, aya ya 60, amewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Matajiri wetu ambao kila Ramadhani hugawa zaka yao kwa vijisarafu mlangoni, kwa nini baadhi yao wasikusanye, wakamtafuta muadilifu mmoja aliyelemewa, wakamlipia kilichobaki akarudi kazini?

Na ninyi wazazi, msimfanye kijana aogope kuwaambia. Kijana ambaye kwao atapokewa kwa matusi atasema yote mwezi wa sita, wakati ambapo alipaswa kusema mwezi wa kwanza, na kati ya miezi hiyo ndipo gari hupotea. Mkalisheni, mshike kalamu na karatasi, mfanye hesabu pamoja, kisha mwende naye kwa mdai. Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa kulipa ni kusema.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafariji wote walio katika madeni, na awape rizki ya halali ya kuyalipa. Amin.